Mashine ya Padri Iliyovishwa Kitambaa

Asifiwe Mungu anayeteremsha mvua juu ya vilima vya Masisi na juu ya misitu ya Walikale bila kuuliza kwanza shamba ni la nani. Yeye amenifikisha uzeeni nikiwa na meno machache na kumbukumbu nyingi, na kwa yote mawili ninamshukuru.

Juzi mjukuu wangu aliletewa na mjomba wake mashine mpya ya michezo, ile ya kuunganishwa na televisheni. Nyumba ilijaa furaha kabla katoni haijafunguliwa. Lakini sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa bado jikoni na mtoto alikwisha kuona kasoro. Manete, kile kishikio cha kuchezea, kina kijiti kinachojisogeza chenyewe, kwa hiyo mtu wake kwenye kioo anatembea kwenda ukutani bila kutumwa. Feni inavuma kama kinu cha mahindi siku ya soko. Na waya ni mfupi mno, lazima ukae karibu na kioo mpaka macho yatoe machozi. "Koko," akaniambia kwa uchungu, "benye kutengeneza hii kintu habakuicheza hata kidogo."

Nilicheka, rafiki yangu unayesoma. Mababu wa mashine ile nilikutana nao nikiwa mtoto, na kasoro zao nilizijua kama ninavyojua kona za nyumba yangu. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa kasoro zile.

Nililelewa na nyanya yangu, ambaye nami nilimwita Koko, kwenye kilima kilichotazamana na misioni. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, na baridi ilitufanya tugombanie nafasi karibu na jiko. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kuchambua maharagwe na kufukuza ndege kwenye mtama. Koko alikuwa na mikono miwili ya ajabu: wa kulia ulishika jembe, wa kushoto ulishika sindano, na sikumbuki mmoja ukipumzika. Vitambaa vyote vya altare vilitoka kwake, vyenye maua mekundu pembeni na msalaba katikati.

Ng'ambo ya mfereji uliogawa mashamba aliishi jirani yetu, mke wa seremala wa misioni. Walikuwa wametoka upande wa Walikale, maeneo ya Buleusa. Ndugu zao walipokuja kuwatembelea walileta asali ya msituni iliyofungwa katika majani, na harufu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi ilivuka mfereji kabla ya salamu. Sisi tulirudisha viazi na fromaji, ile jibini ya kwetu. Binti yao alikuwa wa umri wangu. Tulikwenda kisimani pamoja, tukiimba, na yeye ndiye aliyenifundisha kubeba ndoo bila kuishika.

Halafu mbuzi wao akaingia katika maharagwe ya Koko yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa majani. Kwetu mbuzi wa jirani unamrudisha wewe mwenyewe, na mnamaliza mambo mlangoni. Koko siku ile, kwa hasira, alimfunga mbuzi kwenye nguzo yetu na kumngoja mwenyewe aje kumwomba, watu wakipita njiani wakiona. Hiyo ilikuwa aibu kubwa. Jirani alikuja, akamfungua mbuzi wake bila kusalimu. Koko akamwambia kwamba watu wa pori hawajui mipaka kwa sababu kule miti haina mwenyewe. Jirani naye akajibu kwamba watu wa vilima wanapenda mstari wa maharagwe kuliko mtu. Kuanzia hapo mimi nilikatazwa kuvuka mfereji, na mwenzangu vilevile. Nikateka maji peke yangu. Ndoo ile ile, njia ile ile, lakini kisima kilikuwa kimehamia mbali. Majira ya kupalilia yalikwisha, maharagwe yakakauka, yakapigwa na kuingizwa ndani, na bado nyumba zile mbili hazisemezani. Nilianza kuogopa kwamba nitakua hivyo, nikimwona rafiki yangu kila siku na nisimwite.

Wakati huo Padri wa misioni alirudi kutoka likizo ya kwao Ulaya na kisanduku cha rangi ya kahawa chenye vifungo viwili vya kuzungusha, kama vile vya kutafutia stesheni kwenye redio. Misioni ilikuwa na umeme wa mtambo uliozungushwa na maji ya kijito, na televisheni moja ndogo isiyo na rangi. Jumapili baada ya Misa tukaitwa ukumbini, wanawake upande huu, wanaume upande ule, watoto chini mbele. Padri akaunganisha waya. Kwenye kioo cheusi vikatokea vijiti viwili vyeupe na tone moja la mwanga likienda na kurudi kati yao. Lilipogusa kijiti lilitoa sauti kama tone la mvua linaloanguka katika beseni.

Mzee mmoja aliuliza kama hayo ndiyo yote. Mwalimu wetu akamjibu kwamba ndiyo yote, na yule mzee akasema basi Wazungu wana subira. Lakini alibaki kutazama, na Jumapili iliyofuata alikaa mbele kuliko watoto.

Kasoro tulizijua upesi. Vifungo vyote viwili vilikuwa kwenye kisanduku chenyewe, karibukaribu, kwa hiyo wachezaji wawili walilazimika kubanana bega kwa bega kama mapacha. Waya ulikuwa mfupi, pua zetu zikawa karibu kugusa kioo. Kifungo cha kushoto kilikuwa kimelegea: ukikiachia kidogo tu, kijiti chako kilishuka chini chenyewe, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Na mashine ilipata joto haraka. Ilipumua kupitia matundu madogo yaliyokuwa juu ya mgongo wake, jambo ambalo hakuna aliyeliangalia. Padri alisikitika sana, maana aliileta kutoka mbali. Mwalimu alimtuliza kwa neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote: kila kilichotengenezwa na mtu kina mahali kinapoomba msaada.

Koko alipoiona kwa mara ya kwanza, yeye hakuona mchezo. Aliona kitu cha thamani kilichoachwa uchi. Nyumbani kwetu redio ilivaa kitambaa, kabati ilivaa kitambaa, hata kiti cha mgeni kilivaa. Akakaa juma zima akidarizi, na Jumapili ya tatu mashine ya Padri ilikuwa imevishwa kitambaa cheupe chenye maua mekundu, kimefunika mgongo wote na kuacha vifungo tu nje. Watu walimsifu. Padri mwenyewe alishukuru.

Siku hiyo Padri aliita watoto wawili wawili kufuatana na tulivyokaa. Wavulana walicheza kwanza, wakachukua muda mrefu kama kawaida yao. Kisha akaonyesha kwa kidole: wewe, na wewe. Nilipogeuka, mwenzangu alikuwa binti wa jirani. Nilimtazama Koko kule kwa wanawake. Akaangalia mikono yake. Mama wa mwenzangu naye akaangalia dirisha. Mbele ya Padri hakuna aliyeweza kusema hapana.

Tukakaa. Bega lake liligusa langu, na nilisikia ile harufu ya moshi na asali ambayo nilikuwa nimeikosa. Mimi nilipata kifungo cha kushoto, kile kilicholegea, na kijiti changu kikaanza kusinzia. Nikakosa tone mara ya kwanza, nikakosa tena. Ndipo yeye, mkono wake wa kulia ukiwa kwenye kifungo chake, akapitisha wa kushoto na kukibana changu kwa chini, kisirudi nyuma. Nikaweza kucheza. Tone likaenda na kurudi, likaenda na kurudi, na hakuna aliyeshindwa. Sijui tulicheza muda gani. Najua tu kwamba nilitaka tone lile lisianguke kamwe.

Kisha kioo kikawa cheusi.

Padri akagonga kisanduku, akazungusha vifungo, akachomoa waya na kuuchomeka tena. Kimya. Manung'uniko yakaanza nyuma. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: "Ni ule mutoto wa pori. Alishika mbili zote, mashine ikachanganyikiwa." Wengine wakaitikia. Rafiki yangu aliondoa mikono yake na kuificha chini ya mapaja. Mama yake alisimama. Nilijua akimchukua mtoto wake na kutoka kwa mlango ule, mfereji wetu utakuwa mto.

Lakini Koko alikuwa amekwisha kufika mbele. Aliweka kiganja juu ya mashine kama unavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Akakiondoa kile kitambaa chake, akakikunja, akakishika mkononi watu wote wakione.

"Huyu mutoto hana kosa," alisema. "Kitambaa yangu njo ilifunga pumuzi ya mashine. Mimi njo nilikosa. Hapa, na kwa ile mbuzi pia."

Yule mzee wa mbele aliuliza mbuzi gani tena, akanyamazishwa. Jirani akafungua kikwembe, kile kitenge chake cha juu, akasogea karibu na Koko, na akaanza kuipepea mashine, taratibu, kama mtu anayefufua makaa. Koko akashika pindo la pili. Walipepea pamoja bila kutazamana, mpaka mashine ikapoa na Padri alipoiwasha tone likarudi. Watu walicheka na kupiga makofi, lakini mimi nilikuwa nikitazama kile kikwembe.

Kesho yake alfajiri Koko alinipa kigae na kunituma nikaombe moto kwa jirani. Siku zile makaa yalivuka kutoka jiko hadi jiko, lakini waliogombana hawakuombana moto. Heri kulala njaa. Nikavuka mfereji. Jirani alikuja mlangoni, akatazama juu ya kichwa changu. Nyuma yangu moshi wa jiko letu ulikuwa unapanda mnene kutoka paani.

"Moto yenu ilizimika?" akauliza.

"Koko anaomba moto, Mama."

Alichagua kaa kubwa kuliko yote, akaliweka kwenye kigae changu. "Umuambie, hata kesho ikizimika tena, asikawie." Akageuka na kumwita binti yake aje na ndoo.

Ukumbi ule leo hauna paa, na miaka mibaya ilichukua mtambo wa kijito. Koko na jirani wanalala katika makaburi ya misioni, na rafiki yangu aliolewa Mubi, upande wa Walikale, na bado tunaitana kwa simu mtandao ukikubali. Siku hizi kila nyumba ina kiberiti chake, na hakuna anayehitaji kubisha hodi kwa ajili ya kaa la moto. Silalamiki, Mungu ametupa mengi. Ila naona ni rahisi sasa kukaa na hasira muda mrefu.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Bwana ailinde nyumba yako na njia ya kwenda kwa jirani yako. Akupe wa kuushikilia mkono wako unapolegea, na akupe moyo wa kwenda kuomba moto wakati wako ungali unawaka. Amina.