Mjukuu Wangu Alipopitishwa Juu ya Jeneza

"Hivi ni kweli mmemrusha mtoto mchanga juu ya maiti?"

Jirani yangu Lavinia aliniuliza hivyo akiwa na ufagio mkononi. Hata salamu hakutoa.

"Hatukumrusha, Lavinia. Tulimpitisha."

"Mtaani wanasema mmemtoa kafara."

Ndugu zangu, maneno yamekuwa mengi hapa mjini Savannah. Acheni niseme mwenyewe ilivyokuwa.

Mwanangu Ezell alikufa ghafla. Moyo. Akaacha mke, Mirlande, na binti anayenyonya, Naika.

Mirlande ni Mhaiti, kazaliwa Miami. Mweusi kama mimi, tena kanizidi. Ezell alipomleta nyumbani nilimshukuru Mungu. Nikasema huyu ni wetu, sina la kumfundisha.

Hapo ndipo nilipojikwaa.

Sisi Weusi wa visiwa vya pwani ya hapa, mzazi akifa akaacha mtoto mdogo, mtoto hupitishwa juu ya jeneza. Mmoja anasimama huku, mwingine kule, wanapokezana. Marehemu anaridhika, hamrudii mwanawe usiku kumsumbua. Mimi nilipitishwa juu ya jeneza la mama yangu, na Yesu wangu ni yule yule.

Basi pale makaburini nikamtwaa Naika mikononi mwa mama yake, nikampitisha kwa shemeji yangu Hosea, naye akanirudishia, nami tena kwake. Mtoto anacheka.

Mirlande akapiga ukelele, wimbo wa kwaya ukakatika.

"Mnampa maiti mwanangu!"

"Tulia, mwanangu. Ni mila yetu."

"Yetu na nani?"

Akampokonya mtoto. Hosea naye, mdomo haumkai: "Makubwa! Leo Mhaiti, ambaye kwao ndiko kwenye uchawi, ndiye wa kutuambia sisi wachawi?"

Watu wakacheka. Makaburini!

Kesho yake Mirlande akafunga mizigo. Mama yake, Yvrose, alikuwa njiani kuja kuwachukua.

"Naika hutamwona tena," akaniambia. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilifunga, nikaomba. Ezell yuko ardhini, Naika aende Miami, mimi nibaki na nani?

Yvrose akaingia, Biblia kwapani. Nikajiandaa kwa matusi. Mirlande akamweleza yote kwa lugha yao, huku analia.

Mama mtu akanigeukia, Kiingereza chake cha kuungaunga.

"Mlimpitisha mara ngapi?"

"Tatu."

"Baba, Mwana na Roho?"

"Ndiyo, mama."

Akajibwaga kitini.

"Kwetu Haiti, kule mlimani, ndivyo tunavyofanya," akasema. "Mirlande, hata wewe ulipitishwa juu ya jeneza la baba yako. Pale pale Miami. Niliomba wafunge mlango wa chumba cha maiti, watu wasituone."

Mirlande akafuta machozi.

"Ulinichapa, mama. Kila nilipouliza mambo ya Haiti ulinichapa. Ukasema ni ya shetani."

"Shuleni walikuwa wanakuita mchawi, mwanangu. Weusi wenzako hao hao. Ningefanyaje?"

Mimi, furaha imenijaa, nikadakia: "Bwana asifiwe! Umeona, mwanangu? Kumbe sisi ni wamoja!"

Nilidhani yamekwisha.

Mirlande akanigeukia taratibu.

"Hosea aliponidhihaki mbele ya jeneza la mume wangu, watu wako wakacheka. Wewe ulisema nini?"

Ukweli ni kwamba pale makaburini sikusema kitu.

Ninyi mnaosoma, rangi yetu ni moja, na mila kumbe ni moja. Lakini mimi sikumuuliza kabla, na baadaye sikumtetea. Ukisema mtu fulani ni wako, muulize kwanza. Na watu wakimcheka, simama upande wake, hata kama anayecheka ni shemeji yako.

Yvrose alinyoosha mikono amshike mjukuu. Mirlande akamfunga Naika kifuani, akatupita sote wawili, akafungua mlango, akatoka na mizigo yake.