Vifungo vya Jeshi kwenye Koti la Shosho

Mwezi uliopita binamu yangu alikuja kwetu Molo na kile kimashine kinacholia kikipita juu ya chuma kilichofukiwa. Alitumaini kupata hela za kale. Alizunguka shamba la viazi asubuhi nzima, kikalia, akachimba, akatoa kifungo cha shaba kilichoota kutu ya kijani. Akataka kukitupa. Mimi nilikipokea, nikacheka mpaka akaniuliza nimepatwa na nini.

Usishangae, rafiki yangu. Sisi tukiwa watoto hatukuhitaji mashine. Shamba lile zamani lilikuwa la mzungu, na wanajeshi waliwahi kupiga kambi pale. Kila tulipovuna viazi, jembe lilifukua vifungo vyao. Tulivisugua kwa jivu na limau hadi vikang'aa, kisha tukampelekea shosho, mama yake baba. Mwaka mmoja alivishona kwenye koti lake jipya la kanisa, koti zito la buluu, maana baridi ya Molo unaijua.

Jirani yetu alikuwa askari mstaafu aliyepigana Burma. Siku hizo yeye na shosho hawakusalimiana, kwa sababu ng'ombe wetu alikuwa ameingia kwake akamaliza kabichi. Walioumia ni sisi watoto. Miti ya plamu ilikuwa upande wake, matunda yanaiva, yanaanguka, yananukia, nasi tumekatazwa kuvuka ua.

Jumapili ile shosho alitembea kifua mbele. Kwenye lango la kanisa, yule jirani alimwona, akasimama ghafla, akagonga visigino na kumpigia saluti. Watu wakaangua kicheko.

"Unanicheka?" shosho akauliza. Nilijua akikasirika hapo, plamu tumezikosa maisha.

"Sikucheki, mama. Namsalimia Mfalme." Akaonyesha kifungo cha juu, halafu akakunja uso. "Lakini umemchanganya na Malkia."

"Malkia gani tena?"

"Huyo hapo chini."

Shosho aliinama kutazama kifua chake mwenyewe, akashindwa kujizuia, akacheka. "Basi njoo nyumbani unipangie," akamwambia.

Alikuja kweli, mchana ule ule, akipitia pengo kwenye ua. Shosho alikata vifungo vyote, akavimwaga kwenye uteo, nasi tukazunguka. Jirani alituonyesha taji lililochorwa juu ya kila kifungo. Lenye matao yaliyopanda duara, akasema, ni la Mfalme, la wakati wa vita vyao. Lililobonyea katikati ni la Malkia, aliyekuja baadaye. Alivigeuza, akatusomesha jina la kiwanda nyuma yake. Tulishindana kuvitenga huku tukila viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, tukipiga kelele, "Mfalme! Malkia! Mfalme!" Kimoja alikishika, akakisugua kwa kidole gumba. Kilifanana na vya koti la rafiki yake, alituambia, ambaye hakurudi naye kutoka Burma. Shosho alimmiminia chai nyingine, akasema, "Pole, afande. Na pole kwa kabichi."

Kesho yake tulipanda miti ya plamu, tukala mpaka matumbo yakauma.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jirani jina lingine ila afande. Kila Jumapili alikuja kwa chai, na wale wazee wawili walibishana juu ya mvua, mbegu na mahubiri hadi ng'ombe wakalia kukamuliwa.

Wote wawili wametutoka. Shamba la afande limegawanywa ploti, miti imekatwa, na penye pengo sasa pana ukuta wa mawe. Wanaokaa nyuma yake siwajui hata kwa sauti. Siku ile binamu yangu akiendelea kuchimba, nilisimama pale ukutani kidogo, na nikamsikia kabisa shosho akiita kutoka jikoni, sufuria mkononi: "Mguu pande, afande! Chai inapoa!"