Andika Ngazi Uliyoichora

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka nainamisha kichwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikifanya kazi kwa mafundi wa mitumbwi kule Kigongo. Wenzangu waliunda, mimi niliziba nyufa kwa pamba ili maji yasiingie. Kazi hiyo niliionea aibu.

Karakana moja ya boti mjini Mwanza ikatangaza nafasi. Nikaandika wasifu wa kurasa tatu, nikijiita muundaji na kuusifia mtumbwi wetu mmoja uliokuwa umeuzwa hapo mjini. Kuziba sikukutaja hata kwa neno moja. Msimamizi, mzee mpole wa Kisukuma, aliusoma wote, kisha akanipeleka ufukweni kwenye mtumbwi niliousifia.

"Huu umeuunda wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Ubao huu wa chini ni mti gani?"

Nikainama kuukagua kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Njia ya mwongo ni fupi. Akaingiza mkono, akapapasa ndani. Pakavu kabisa.

"Aliyeziba ni nani?"

"Mimi."

Akanitazama kwa huruma. "Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Mbona hukumleta?"

Nikarudi Kigongo bila kazi.

Juzi mjukuu wangu Leticia, aliyesomea uchoraji wa majengo, alinitembelea Buswelu. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi. Akanionyesha kwenye simu kazi zake alizoziweka mtandaoni: nyumba zimesimama kana kwamba ungebisha hodi.

"Na mtu wa ng'ambo anaziona?"

"Sasa hivi, babu, hata akiwa kitandani."

Nikaigeuza simu mkononi. Zamani mtu alipelekwa ufukweni. Leo ufukwe unamfuata alipo.

Kisha akanisomea wasifu wake: amesanifu shule nzima.

"Shule nzima, Leticia?"

Akacheka kwa haya. "Tulikuwa wanne, babu. Mimi nilichora ngazi."

Akanionyesha. Pembeni mwa ngazi alikuwa ameweka mteremko, mtoto asiyeweza kutembea apite na wenzake. Machozi yakanilengalenga.

"Basi andika ngazi."

Akaandika, akatuma. Majibu bado.

Nawe mwanangu unayetafuta kazi, chema chajiuza, lakini lazima kionekane. Wasifu wako uwe ukurasa mmoja. Juu kabisa weka anwani ya mtandaoni ya kazi zako, na uijaribu kwenye simu ya mtu mwingine kama inafunguka. Kila unachodai, msomaji akikute huko. Na palipo na wenzako, sema mkono wako uligusa wapi. Usiifiche kazi ndogo uliyoifanya vizuri. Mimi niliificha, nikajinyima mwenyewe.

Mungu aibariki mikono yako, na siku utakapofikishwa ufukweni ukaulizwa, usikose la kujibu.