Kipimo cha Mvua Chini ya Bati

Bati la moto likipigwa na matone ya kwanza hutoa harufu ya chuma na vumbi, na hadi leo nikiisikia hufunga madirisha. Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi nje kidogo ya Kajiado. Baba alirudi kutoka semina ya wafugaji na kipimo cha mvua, kopo refu la plastiki lenye mistari ya milimita. Alikifunga kwenye nguzo katikati ya uwanja, mbali na nyumba, akazungushia miba ili mbuzi wasikifikie. Daftari akanipa mimi, kwa sababu ni mimi niliyejua kusoma. Kila asubuhi kabla ya shule nisome, niandike, nimwage maji.

Kiangazi kilipokaza, Baba alihamisha ng'ombe upande wa Namanga, na kila jioni alipiga simu kuuliza daftari linasemaje. Mbuzi walivunja ile miba mara tatu, na mara tatu nikairudisha mikono ikitoka damu. Mara ya nne nilichoka. Nikakifunga kipimo ukutani, chini ya ukingo wa bati, mahali mbuzi hawafiki. Baba alikuwa amenionya kwamba maji ya paa si mvua. Nilijua. Tusidanganyane hapa, nilijua.

Wiki hiyo yalipita manyunyu ambayo hayakulowesha hata mavi ya mbuzi. Asubuhi kopo lilikuwa na milimita arobaini. Niliandika arobaini, kwa sababu kuandika tatu, mvua yenyewe, kungenilazimu kueleza kwamba nilikihamisha kipimo. Mama alishangaa, lakini hakuwa amesoma, akaamini daftari kuliko macho yake mwenyewe. Jioni akanipa simu.

"Arobaini? Umesoma vizuri, nakerai, mwanangu?"

"Arobaini, Baba."

Baba akawageuza ng'ombe warudi nyumbani; walitembea siku nne kufuata nyasi ambazo hazikuwepo, na walipofika hawakuwa na nguvu ya kurudi. Kumi na mmoja walikufa pale nyumbani, akiwemo yule tuliyemkamulia ndugu yangu mchanga. Na kabla Baba hajafika, nilikuwa nimekirudisha kipimo kwenye nguzo na kukizungushia miba vizuri kabisa. Hakunipiga. Alikitazama, akaking'oa, akakitupa chooni. Ningepigwa ningepona.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli. Yangu imenifikisha Kitengela, nina mume na mtoto, na bado naitembea. Juu ya paa letu nimeweka mtambo mdogo unaopima mvua, upepo na joto na kutuma kila kitu kwa simu yangu. Niliufunga mwenyewe, kwa hasira, mwenye nyumba akinicheka, "Mama Naserian, unataka kuwa redio?" Niliutaka kwa sababu hauhitaji mtoto.

Mwezi uliopita Baba alitutembelea, na Naserian akamwonyesha zile namba kwenye simu. Akamwuliza kama zamani walikuwa na kitu kama hicho.

"Tulikuwa nacho, kibovu," Baba alisema. "Kilituulia ng'ombe. Lakini mama yako hakuwa na kosa. Alikisoma kila asubuhi, hakukosa hata siku moja. Wewe ukue kama yeye."

Mtoto akanigeukia, uso umejaa fahari. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nikamwongezea Baba, nikamwuliza kama sukari inatosha.