Ambia Tukutuku

Pikipiki yangu ilimbeba mama mkwe wangu mara moja tu, kutoka Wamaza mpaka Kasongo, mjini kwetu. Kurudi kwao alirudi kwa lori la pamba, kiangazi kilipofika. Kwa safari ile moja niliinama juu ya chuma siku nyingi, hata leo, uzeeni, nikiinuka kwenye mkeka mgongo unanikumbusha. Watu wakiniuliza kama pikipiki ile ilinifaa kitu, huwa nachoka kabla sijafungua mdomo.

Nilikuwa mshonaji. Nilikuwa na vyerehani viwili barazani, karibu na msikiti, miaka ile ya mwisho mwisho ya Wabelgiji. Mzungu mmoja wa pamba alikuwa anarudi kwao, na kati ya vitu alivyotaka kuviacha palikuwa na pikipiki, au tukutuku kama tulivyoiita sisi. Ilikuwa ya zamani, ya kabla ya vita. Jina la walioiunda lilikwisha kufutika kwenye tangi, nayo ilikuwa imelala ghalani misimu miwili bila kunguruma. Mke wa yule mzungu alitaka cherehani, mimi nikaitaka tukutuku, tukabadilishana. Mpaka leo sijui nilipatwa na nini. Niliisukuma mpaka nyumbani nikiwa nimelowa jasho, nikamkuta mke wangu ameketi mlangoni akidarizi kofia. Akaitazama, kisha akanitazama.

"Baba ya watoto," akasema, "cherehani iko wapi?"

Nikamwonyesha tukutuku. Akaingia ndani na kofia yake, na kwa siku mbili chakula kililetwa bila neno.

Wiki hiyohiyo tukasikia kwamba hospitali imepata daktari wa macho kutoka mbali, anayeondoa ule weupe unaofunika mboni, na kwamba atakaa mpaka mwezi mwingine uandame, kisha aende zake. Mama mkwe wangu, kule Wamaza, alikuwa na weupe huo macho yote mawili. Ilikuwa majira ya mvua, malori ya pamba hayapiti. Kwa miguu ni mwendo wa siku kadhaa, na mwanamke yule alikuwa na pumzi fupi, tena haoni pa kukanyaga. Mke wangu akatoka nje, akasimama mbele ya tukutuku, mikono kiunoni.

"Hii kitu itatembea?"

"Itatembea."

"Basi tengeneza. Mama hapana kuona hata sura ya wajukuu yake."

Hapo lazima nieleze habari ya mama mkwe. Kwetu mjini mtu humheshimu mkwe wake, humpisha njiani, basi. Kwa watu wa mke wangu haya ya ukwe ilikuwa kubwa zaidi. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakusemeshana. Nilipokwenda kwao nilikohoa tangu kwenye migomba, naye akisikia aliacha njia, akaingia mihogoni, akanipa mgongo mpaka nipite. Miaka kumi na mmoja niliujua mgongo wake, na kicheko chake cha nyuma ya nyumba. Sura sikuijua.

Kisha macho yakafa. Mara ya mwisho nilipokwenda nilisahau kukohoa, nikamkuta uwanjani anachambua maharagwe kwa vidole, uso wake wote umenielekea. Hakujua kama nipo. Nikaona sura ambayo mke wangu atakuwa nayo akizeeka. Niliona aibu kama mwizi aliyekutwa chumbani, nikarudi kinyumenyume mpaka migombani, nikakohoa upya. Sikumwambia mtu.

Basi nikaanza kazi. Tangi nililikuta na utando mwekundu, maana pale ghalani hata petroli waliipima kwa kibuyu cha mafuta ya mawese. Nililisuuza kwa mchanga na petroli mpaka mikono ikachubuka. Nikasafisha buji, ile inayotoa cheche, nikaona cheche ya buluu, nikafurahi. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga mpaka goti likavimba. Ndipo nikafungua kabureta, na humo ndani nikakuta kitu cha shaba kama kifungo kidogo, chenye kitundu ambacho petroli hupitia kwenda kuwaka. Kitundu kilikuwa kimeziba.

Mshonaji akiona kitundu kimeziba anafanya nini? Nilichukua sindano ya cherehani, nikaichomeka, nikaizungusha huku na huku mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nilijiona fundi kweli kweli. Kiki ya nne tukutuku ikanguruma, kuku wa mtaa mzima wakatawanyika, na mke wangu akapiga vigelegele. Jioni ile nililetewa chakula pamoja na maneno mazuri.

Kesho yake nikaipanda. Baiskeli niliijua, nikaona hii ni dada yake. Nilifika msikitini tu. Ikatoa moshi mweusi, ikakohoa, ikafa. Nikaisukuma kurudi, nikafungua buji, nikaikuta nyeusi kama kitako cha sufuria. Nikaisafisha. Siku iliyofuata ilinifikisha sokoni, ikafa. Siku nyingine haikufika hata msikitini. Kila siku ilikuwa hivyo: asubuhi nasafisha, adhuhuri naondoka juu yake, alasiri narudi nimeishika pembe. Majirani waliokaa barazani wakanizoea.

"Fundi, mbuzi yako leo imekula nini?"

"Fundi, ukichoka ibebe kichwani!"

Nilicheka nao siku za kwanza. Baadaye sikucheka tena. Nililaumu petroli, nikalaumu buji, nikamlaumu yule mzungu na mke wake na cherehani yangu aliyokwenda nayo. Siku moja niliipiga teke, ikaninyofoa ukucha. Nguo za watu zilirundikana barazani bila kushonwa. Na kila nikitoka kwenye sala ya magharibi nilitazama juu, nikauona mwezi unajaa, na baada ya hapo nikawa siuoni mpaka usiku umekwenda sana, yaani unapungua. Mke wangu hakunigombeza. Aliuliza tu kila asubuhi, "Leo?" Afadhali angenigombeza.

Kilichoniokoa ni kiti. Ngozi ya kiti ilikuwa imefumuka, nami kwa kuwa nimechoka kushindwa nikasema ngoja nifanye kazi ninayoijua. Nikaanza kuishona kwa mkono. Nikakosea mstari, nikafumua, nikavuta uzi. Vitundu vikabaki wazi pale pale, mstari mzima, vinanitazama. Kitambaa cha pamba ukikifumua unakilowesha, unakisugua kwa ukucha, vitundu vinajifunga. Ngozi haijifungi. Jambo hilo niliwaambia wateja wangu miaka yote, kwamba ngozi inashonwa mara moja tu. Nikaishika ile ngozi mkononi, nikaitazama tukutuku. Kama ngozi haijifungi, shaba je?

Nilikuwa nimekipanua kitundu mwenyewe, kwa sindano yangu, siku ile niliyojiona fundi. Petroli ilikuwa inamwagika mle nyingi kuliko tukutuku inavyoweza kuwasha. Wiki tatu nilikuwa nasukuma kosa langu barabarani mbele ya mji mzima. Nilikuwa na hasira ya nafsi yangu, hasira isiyo na pa kwenda.

Nikakipeleka kile kifungo cha shaba kwa jirani yangu fundi wa bati, akakijaza lehemu, kitundu kikazibwa kabisa. Kisha nikaenda kwa mke wangu. Yeye alikuwa na sindano za kofia, nyembamba hata ukiziangusha hazitoi sauti, amezitunza ndani ya kitambaa.

"Nipe ile nyembamba kuliko zote."

"Itavunjika."

"Itavunjika," nikakubali.

Akanipa. Nikatoboa lehemu taratibu, kwa subira niliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo. Tukutuku ikawaka, lakini kila nikiiongezea moto ilipiga chafya, ikafa: sasa petroli ilikuwa haba. Nikajaribu sindano ya pili, nene kuliko ile kidogo tu, ya kushonea ukingo wa kofia. Nikaenda nayo mpaka nje ya mji, nikarudi juu yake. Nikafungua buji. Ilikuwa ya rangi ya udongo mkavu, haina masizi. Nikamwonyesha mke wangu, naye akaitazama kama mtu anayeonyeshwa jino la mtoto.

Mwezi ulibakiwa na siku nne. Nikachukua karatasi ya ruhusa ya safari kwa serikali, nikafunga dumu la petroli, na juu yake nikafunga kitu alichonishauri mke wangu: gunia dogo nililolijaza vipande vya nguo na kulitia masikio mawili ya kushikia, kulia na kushoto.

Nilifika Wamaza nimepakwa matope mpaka kope. Nikazima migombani, nikakohoa. Dada mkubwa wa mama mkwe, aliyekuwa akikaa naye na ambaye niliruhusiwa kusema naye, akatoka. Nikamweleza habari za daktari, mwezi, tukutuku. Kutoka ndani nikaisikia sauti ya mama mkwe, akimwambia dada yake kwa nguvu ili nami nisikie.

"Sitapanda. Nishike kiuno ya mukwe wangu miye? Afazali niache macho."

Sikukasirika. Nilichoka tu, uchovu wa kutaka kulala palepale kwenye matope na kila mtu aende zake. Nikafungua lile gunia, nikampa dada yake alipeleke ndani, nikamweleza kwamba litakaa katikati yetu na mikono itashika yale masikio. Akaingia nalo. Nadhani mama mkwe alikuwa analipapasa.

"Nani alishona hii?"

"Mukwe wako."

"Mushono iko mukali," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Basi. Miye hapana kushika mutu. Niko nashika gunia."

Kesho yake alfajiri nilikaa nikatazama mbele, dada yake akampandisha, akamfunika kichwa kwa kikwembe, kitenge chake. Tukaondoka. Barabara ilikuwa utelezi, na madaraja ya magogo niliyavuka nikiomba Mungu. Nyuma yangu sikusikia hata pumzi, nikawa sijui kama anaogopa, anaumwa, au ameanguka. Siwezi kumuuliza. Tulipofika kwenye mlima tukutuku ikazidiwa. Ilibidi ashuke, na hakuna mtu wa kumwambia kwa niaba yangu. Nikausemesha usukani.

"Tukutuku," nikasema, "hapa umechoka. Unaomba mutu ashuke kidogo."

Gunia likalegea mgongoni mwangu.

"Ambia tukutuku nimeshuka," akasema.

Nilisukuma, naye akafuata ameshika kiti, hatua kwa hatua. Juu ya mlima nikaiambia tukutuku kwamba sasa inaweza kubeba watu, akapanda. Tangu hapo tukawa na mkalimani. Alisema niiambie tukutuku ipunguze mwendo, tumbo linamruka. Alisema niiulize kama kule hospitali kukatwa jicho kunauma. Nikasema tukutuku haijui. Tulipovuka daraja jingine akasema, kwa sauti ndogo, "Iambie niko naogopa." Nilipunguza mwendo tu, machozi na mvua vikichanganyika usoni, maana mvua nayo ilikuwa imeanza.

Daktari alimkata jicho moja, la kulia. La pili muda haukutosha. Akafungwa bandeji, akalazwa, mke wangu akalala sakafuni karibu naye. Mimi nilileta chakula kila siku. Kwa kuwa haoni, niliingia moja kwa moja, naweka bakuli, natoka, na hakuna aliyesema neno. Mwezi ukaandama, daktari akaenda zake, akaacha maagizo ya siku ya kufungua. Siku hiyo hakuna aliyeniambia kwamba ni leo.

Nilikuja na wali, nikaegesha tukutuku chini ya dirisha, nikaingia kama siku zote, bila kukohoa. Alikuwa ameketi kitandani, uso mlangoni, miwani mizito ya hospitali puani. Akanitazama. Kisha akakikamata kikwembe kwa mikono miwili, akajifunika kichwa chote na miwani yake, akageukia ukuta, akanipa ule mgongo niliokuwa naujua miaka kumi na mmoja.

Mke wangu akajiziba mdomo. "Baba ya watoto," akasema, "mama iko naona."

Niliweka bakuli sakafuni, nikatoka mbio. Huko nje nikakohoa, ingawa nilikuwa nimechelewa mno. Nikakaa chini, nikaegemea gurudumu, nikalia kama mtu aliyefiwa, na nilikuwa na furaha. Juu ya kichwa changu, dirishani, nikaisikia sauti yake.

"Ambia tukutuku nimeiona," alisema. "Kumbe nayo iko muzee."

Nikaiambia.