Harusi Isiyo na Kamati

Kijiji kizima cha Kasoli kilimwita Elizabeth Luhende Mama Kamati. Alikuwa ameongoza kamati za harusi kumi na sita, na familia iliyotaka kuozesha ilimwendea yeye kabla ya kwenda kwa padri. Alijua ni nani mwenye maturubai yasiyovuja, mpishi gani huficha nyama, na mshereheshaji yupi hulewa kabla ya keki. Mume wake alifariki mapema na hawakujaliwa mtoto. Aliyemlea kama wake ni Nyamizi, binti wa kaka yake Yakobo. Harusi ya Nyamizi alikuwa ameipanga kichwani tangu binti huyo akiwa darasa la tano.

Kwa hiyo siku Nyamizi alipokuja kumweleza, Elizabeth hakuelewa mara moja.

"Ndoa ni Jumatano ya pili ya mwezi ujao, shangazi. Saa tatu asubuhi, kigangoni. Tukitoka hapo tunakuja kitaluni kwangu. Watu kumi na tisa."

"Kumi na tisa ndiyo kamati?"

"Ndiyo wageni. Kamati hakuna. Muziki hakuna, kadi hakuna. Kila mtu atakuja na kigoda chake. Chakula tutapakua mimi na Method, na maji ya kunawa tutawamiminia wenyewe."

"Bi harusi anawanawisha watu mikono?"

"Ndiyo."

Elizabeth alimtazama tumboni. Nyamizi akacheka. "Sina mimba, shangazi."

Nyamizi alikuwa na miaka thelathini na moja na aliuza miche ya miti na matunda karibu na kijito. Method Ngassa alikuwa fundi wa kuchomelea Bariadi mjini. Walikutana alipokwenda kumtengenezea pampu ya maji. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyesema zaidi ya anachoulizwa, na upole huo ndio Elizabeth hakuupenda. Alikuwa ameona wapole wengi. Mmoja wao alikutwa na mke Shinyanga siku tatu kabla ya ndoa, kadi zikiwa zimeshagawiwa.

Alianza kuchunguza. Method alipofika kumsalimia Yakobo, Elizabeth alimuuliza wageni wangapi watatoka kwao Lingeka, kule Meatu.

"Wawili. Mama na dada yangu Shida."

"Huna wajomba? Huna marafiki uliokua nao?"

"Wapo."

"Na hawaji?"

Method aliangalia mikono yake. "Ningeomba wasialikwe, shangazi."

Jibu hilo lilimkaa Elizabeth kama mfupa kooni. Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Method hapendi kupigwa picha: kuna mtu asiyetakiwa kumwona. Method anaipokea simu nje: nani anapiga? Mwenzake wa kamati, Lucy, naye aliongezea kuni. "Mtu anayejificha hivyo ana mke kwao," alisema. "Au ana ugonjwa. Au vyote viwili."

Wiki mbili kabla ya ndoa, Elizabeth aliwaambia watu wa nyumbani kwamba anakwenda Mwanhuzi, huko Meatu, kuangalia mtamba wa ng'ombe wa kununua. Alipanda basi la asubuhi, na kutoka Mwanhuzi akachukua bodaboda hadi Lingeka. Pamba ilikuwa imeshavunwa na ng'ombe walikuwa wameachiwa mashambani ili wale mabua.

Alikaa kwenye hoteli ndogo, akaagiza chai, akamuuliza mama mwenye hoteli kama anamfahamu Method Ngassa.

"Yule wa harusi?" mama huyo alisema, akaanza kucheka.

Elizabeth alimsogelea. "Ameoa?"

"Nenda kwao ukaulize. Nyumba ile yenye zizi la miiba." Aliondoka na kicheko chake hadi jikoni.

Elizabeth aliacha chai. Njiani alikuwa akipanga maneno atakayomwambia Yakobo, na ndani yake, ingawa baadaye ilimwaibisha, kulikuwa na furaha kidogo ya kuona hakukosea.

Pale nyumbani alimkuta mwanamke wa makamo akianika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mkeka. Ndiye Shida, dada yake Method.

"Mwadila, mayu," Shida alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Nimeambiwa hapa kuna mtamba unauzwa."

Shida alimpa kigoda, akamletea maji. Alimtazama akinywa mpaka akamaliza.

"Mama, wewe hukuja kutafuta mtamba. Kasoli mitamba mingi. Wewe ni shangazi yake Nyamizi; Method alishanisimulia habari zako."

Elizabeth aliweka kikombe chini. "Nataka kujua kaka yako ameoa au hajaoa."

"Hajaoa. Hata siku ile ya harusi yake hakuoa."

Akamweleza. Miaka sita nyuma, familia ilimfanyia Method harusi kubwa. Watu mia tatu, ng'ombe wawili, muziki kutoka mjini. Ndoa ingefungwa saa nane. Saa nane ikapita, na saa tisa, bibi harusi hakutokea. Mwishowe ukaja ujumbe kwenye simu kwamba yuko njiani kwenda Geita na mwanamume mwingine. Chakula kilikuwa tayari, nao wageni hawakukiacha. Walikula. Mshereheshaji, ambaye alikuwa ameshakunywa, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba bwana harusi asimame awaambie neno wageni wake.

"Akasimama?" Elizabeth aliuliza.

"Akasimama. Aliwashukuru kwa kuja. Watu walicheka, mama. Wengine walimrekodi, na video ikazunguka hadi mnadani. Tangu siku ile hapa hana jina, ni Method wa harusi. Baada ya mwezi akahama."

Elizabeth alimsaidia Shida kugeuza michembe iliyobaki, kisha akaaga.

Kesho yake alikwenda kitaluni. Nyamizi alikuwa akimwagilia miche ya mipapai.

"Ulijua ya Lingeka?"

Nyamizi hakuuliza yapi. "Alinieleza kabla hajanitamkia habari ya kuoana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si yangu kuisema. Halafu, shangazi, usidhani namwonea huruma. Harusi zako zote ulizoniita, mimi nilikuwa wapi?"

Elizabeth alifikiri. "Jikoni."

"Kwa hiari yangu. Sijawahi kupenda kukaa mbele nikitazamwa. Tumeipanga hivi kwa sababu sisi ndivyo tulivyo."

Ilipofika Jumatano ya ndoa, Elizabeth alikuja na kigoda chake. Hata hivyo, mashaka hayakumtoka kwa siku moja. Kabla ya ndoa kufungwa, Method alipokwenda nyuma ya kigango na simu yake, alijikuta ameshasimama amfuate. Alimsikia akimwelekeza mama yake, aliyekuwa amepotea njia, ashuke wapi. Elizabeth alirudi kukaa. Baada ya ndoa, kule kitaluni, Method alikuja na birika na beseni, akapiga goti mbele yake, akammiminia maji mikononi taratibu. Walikula wali, kuku na michembe iliyopikwa kwa karanga. Hakuna aliyetoa hotuba. Nyamizi alikuwa akicheka muda wote, kwa sauti ambayo Elizabeth alikuwa hajawahi kuisikia kwenye harusi yoyote.

Lucy, ambaye hakualikwa, alimsubiri barabarani.

"Ulikwenda Meatu, mtamba hukuleta, na umerudi umenyamaza. Umegundua nini?"

"Hakuna."

"Basi wamekupa nini ili unyamaze?"

Angesimulia tu yaliyotokea Lingeka, angenyamazisha uvumi wote wa Kasoli. Elizabeth alifikiria wale watu mia tatu wakicheka na sahani mikononi.

"Wamenipa wali," alijibu, akapita.

Mwezi wa tisa Lucy alimwozesha binti yake, na uenyekiti wa kamati akapewa mwingine. Watu walisema Mama Kamati siku hizi ana siri na watu wa Meatu. Elizabeth alizisikia habari hizo sokoni, akanunua chumvi yake, akaenda nyumbani.