Zamu ya Mlima

Mimi ni mke wa pili wa Odera. Wa kwanza ni mlima. Nasema hivyo bila wivu, kwa sababu wivu niliumaliza miaka ile ya mwanzo ya ndoa, kila Desemba alipobeba gitaa na kupanda Mghange, kijiji cha juu milimani Taita, kabla hajaniuliza kama nyumbani kuna unga.

Sisi ni watu wa Voi wa kuletwa. Baba yangu aliletwa na reli kutoka Bungoma, baba yake Odera akaletwa na mkonge kutoka Siaya. Tulizaliwa hapa kwenye joto na vumbi jekundu, na joto hili ndilo lililomharibu Odera. Akiwa mtoto kwenye laini za wafanyakazi wa mkonge, alikuwa akiamka anaiona milima ya Taita imejifunika ukungu, anauliza kama watu wa huko hutokwa jasho. Baba yake alimwambia, "Huko kuna wenyewe. Wewe angalia mkonge." Ukimwambia Odera asiangalie kitu, umemwonyesha.

Alipofika miaka kumi na saba alipata kazi ya utingo kwenye lori la kushusha kabichi na ndizi. Safari ya tatu lori likavunjika ekseli Mghange, wakakaa siku mbili kwa mama mmoja aitwaye Dinah, ambaye kabichi zake ndizo zilizokuwa zikioza ndani ya lori. Odera alikuwa na gitaa alilojitengenezea kwa debe la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Asubuhi ya pili, ukungu ulipoinuka, akakaa kwenye ukingo wa shamba akapiga na kuimba, mstari akaumalizia kwa sauti ya juu. Ng'ambo ya bonde kuna jabali. Jabali likamrudishia sauti yake.

Akakimbilia jikoni. Alidhani kuna mtu anamwigiza! Hadithi hii Dinah amenisimulia mara nyingi, na kila mara anacheka mpaka ashike mbavu. Ila siku ile, alipomaliza kucheka, alimwambia neno ambalo Odera hakulisahau tena: "Tatizo lako unamkatiza. Mwache amalize, ndipo nawe uendelee."

Basi tangu siku hiyo, kila wimbo wa Odera una pengo. Mwisho wa ubeti vyombo vyote vinanyamaza, unahesabu kama pumzi mbili, ndipo gitaa linaingia tena. Kwenye bendi yetu tunaliita zamu ya mlima. Hata tukipiga klabu za Voi mjini, ambako mlima wenyewe hausikii kitu, pengo linabaki. Wapiga ngoma wageni hulijaza kwa kudhani tumesahau wimbo, na Odera, mtu mpole hivyo, huwageukia kwa macho ambayo mimi mkewe sijawahi kutazamwa nayo. Silvanus, mpiga ngoma wetu wa sasa, alijifunza haraka: ikifika zamu anaweka vijiti mapajani.

Miaka ile ya kupanda Mghange ndiyo ninayoililia. Nilianza kwenda naye nilipojua kwamba kumzuia ni kupoteza maneno. Sauti yake ilipokauka, ile ya juu ya mwisho wa ubeti nikaichukua mimi. Tukifika, gitaa lilitolewa kwenye mfuko na kuegemezwa ukutani saa nzima bila kuguswa, lizoee baridi, kwa sababu nyuzi zilizolegezwa na joto la Voi hukaza huko juu, na ukipiga mara moja unaaibika. Sisi tulikunywa chai tukilisubiri kama mgeni anayenawa. Kisha watu wa pale walikaa, na ikifika zamu ya mlima hakuna aliyekohoa. Hata watoto walizibwa midomo. Sijawahi kupata tena watu wanaojua kunyamaza vile.

Halafu magoti yakaanza kuuma, ukaja ule mwaka wa barakoa, na miaka saba ikapita hatujapanda. Katikati ya miaka hiyo masikio ya Odera yakaanza kwenda. Redio ilipandishwa hadi majirani wakajua taarifa ya habari kabla ya kuwasha zao. Nikamtania, "Sikio la kufa halisikii dawa." Akatabasamu tu. Mwezi mmoja baadaye daktari wa masikio alituambia kwamba miaka thelathini na tisa ya kusimama ubavuni mwa spika imeyala, na kwamba sauti nyembamba za mbali ndizo zinazotangulia kupotea. Nilijuta ule utani wangu, najuta hadi leo.

Njiani kurudi nyumbani Odera alisema, "Mama Christabel, siku mlima ukiacha kunijibu, natundika gitaa."

Namjua. Mtu huyu hajaapa mara tatu maishani mwake, na akiapa ameapa. Nami nilijua kwamba gitaa likitundikwa ukutani, nitabaki na mzee wa kukaa mlangoni akihesabu malori. Kwa hiyo Dinah alipopiga simu kwamba mjukuu wake Jemimah anaolewa, na kwamba Odera aje na gitaa kavu, spika aziache Voi, nilitamani simu ile ingeanguka majini. Odera alikuwa ameshaanza kufuta gitaa vumbi.

Dinah alitupokea akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkongojo mapajani. "Milima haikutani," akasema kwa sauti kubwa, "lakini binadamu hukutana." Odera akainama, akashika mikono yake miwili. Gitaa likaegemezwa ukutani. Tukanywa chai.

Tulipiga mchana, chakula kikishaliwa, vijana wakiwa wameshika simu zao juu. Odera alifumba macho na kuegemeza kidevu kwenye ubao wa gitaa, kwa maana siku hizi husikia zaidi kwa mfupa. Ubeti wa kwanza ukaisha, nikatoa sauti yangu, tukanyamaza. Wazee walinyamaza nasi, na vijana, bila kujua sababu, wakanyamaza pia. Jabali likajibu. Sauti ilikuwa yangu, imerudi imepoa na imekuwa ndogo. Kabla haijaisha, gitaa likaingia.

Odera alikuwa amemkatiza.

Watu wakatazamana. Ubeti wa pili, vilevile: alisubiri, uso umekunjamana kwa kusikiliza, akaingia mapema. Nikajua hakusikia chochote, anabahatisha. Nilitaka kumshika mkono tuondoke.

"Odera!" Dinah akaita. "Unamkatiza!"

Hakusikia hilo pia. Dinah akainuka, akamfikia polepole, akamgusa goti kwa mkongojo. Odera akafumbua macho. Dinah akamwonyesha kwa kidole ule umati.

Ubeti wa tatu aliupiga macho wazi. Nikaimba mwisho kwa nguvu zote nilizobaki nazo, tukanyamaza. Na watu wote, Jemimah na shela lake, wazee, vijana na simu zao, wakageuza vichwa pamoja kuelekea jabali. Walikaa hivyo kama pumzi mbili. Kisha vichwa vikarudi kwetu.

Odera akaingia, mahali pake hasa.

Tulipokuwa tukishuka nilimuuliza, mdomo karibu na sikio, kama alisikia. "Sikusikia kitu," akasema. "Lakini niliwaona wakisikia."

"Na kile kiapo chako?"

"Niliapa ukiacha kunijibu. Haukuacha, mama Christabel. Ni mimi niliyeziba." Akanicheka kwa sababu nilikuwa nalia, na mimi nikamwacha acheke.

Sasa tunapiga Jumamosi mchana kwenye baraza ya hoteli moja ya Voi, gitaa kavu, bila spika kubwa. Dinah alifariki mwezi wa nne, na sidhani kama magoti yetu yatapanda tena. Ubeti ukiisha natoa sauti yangu, Silvanus anaweka vijiti mapajani, nami nageuza kichwa kuelekea milima ya Taita. Hakuna kinachorudi. Kuna malori ya Mombasa tu, na wateja wanaodhani tumesahau wimbo. Odera hatazami milima, ananitazama mimi. Nampa mke mwenzangu pumzi zake mbili kamili, kisha namgeukia mume wetu, naye anaanza.